Mistari Uliyoiruka

Paker yangu mpendwa,

Jana asubuhi simu yako iliniambia tena nikutembelee. Ilitetemeka juu ya meza ya jikoni, kando ya kikombe changu cha chai, ikaandika jina lako lote, la kwanza hadi la baba yako, na chini yake: mjamzito, wiki ya sabini na moja, hajatembelewa. Niliigeuza kifudifudi nikaendelea kunywa chai. Lakini ilizidi kutetemeka, ikawa inasogea kidogo kidogo kuelekea ukingo wa meza kama mdudu aliyepinduka, mpaka nikaishika kwa mikono miwili ili itulie.

Jina hilo sitaliandika hapa. Yeyo, mama mkwe wako, aliniomba hivyo siku ya mazishi, nami nikakubali mbele ya watu. Kwenu Umasaini mtu akishaondoka jina lake haliitwi tena. Kwetu Kakamega ni kinyume kabisa: tunalililia jina mpaka sauti zikauke, tunaliita kaburini, kisha tunampa mtoto atakayefuata. Nilipokuja kufanya kazi huku Kajiado nilidhani nyinyi watu mna mioyo migumu. Siku hizi naona mnaogopa tu kitu ambacho hata mimi nimeanza kukiogopa, kwamba ukimwita mtu, anaweza kuitika.

Basi nakuita Paker, kama tulivyoitana. Kwa kuwa barua hii itasomwa na wasiotujua, acha niwaeleze. Nilipojifungua kitinda mimba wangu pale kliniki ya karibu na nyumbani, Kitengela, mwendo wa dakika tano kwa miguu na nesi wawili kando ya kitanda, wewe ulikuja siku ya nne ukivuta kondoo dume mwenye mkia mnono. Ulimpitisha kati ya magari hadi kwenye geti la ploti yetu. Keateka, mwangalizi wa ploti, alikataa katakata. "Mama, hapa ni nyumba za kupanga, si boma," akasema. Nawe ukamjibu, "Sijaleta kondoo apange. Nimeleta aliwe." Nilikusikia nikiwa juu ghorofa ya pili, nikacheka mpaka mshono ukaniuma.

Uliyeyusha mafuta yake kwenye sufuria yangu ya ugali, ukanishikia kikombe mdomoni. "Kunywa yote. Damu irudi." Nilikunywa nikatapika, nikanywa tena. Ulisema sisi watu wa Magharibi ya Kenya ni waoga wa kila kitu isipokuwa kuku. Tangu siku hiyo hukuniita Madam wala Mama Trizah. Uliniita Paker, na ukanifundisha nikuite hivyo hivyo, kwa sababu wawili waliopeana kondoo huitana kwa jina moja, aliyetoa na aliyepokea. Nilikuahidi kwamba ukijifungua mimi ndiye nitakayekuletea kondoo. Nilikuwa nimeshamchagua kabisa, kwa jamaa mmoja wa Isinya.

Nakumbuka tulivyofanya kazi. Mimi nilikuwa msimamizi, wewe mhudumu wa afya ya jamii wa upande wenu, ng'ambo ya korongo, mahali ambapo ukitaja ofisini watu huuliza, "Huko pia kuna watu?" Mara moja kwa mwezi nilikuja na viatu vyangu visivyofaa tukazunguka boma kwa boma. Malori ya maji yalitupita yakitoka kwenye kisima kirefu kilichochimbwa huko kwenu, yakielekea Kitengela kujaza matangi ya mitaa yetu yenye mageti, nasi tukageuza nyuso mpaka vumbi lipungue. Wanawake wenu walikuwa wakichota kwenye bwawa, pamoja na ng'ombe. Sikuwahi kusema lolote juu ya hilo, kwa sababu tangi la ploti yetu nalo lilijazwa na lori lile lile la bluu.

Katika kila boma tuliketi kivulini, wewe ukafungua rejista, mimi nikauliza maswali kwa Kiswahili changu nawe ukayatia Kimaa. Wangapi wana kikohozi, nani ana mimba, nani hajachanjwa. Swali la mwisho lilikuwa: tangu tulipokuja, kuna mtu amefariki? Wanawake wote walitazama chini. Kisha mmoja alijibu, na jibu lilikuwa moja katika kila boma, mwezi baada ya mwezi, hata sikungoja tena ulitafsiri. "Tuko wote."

Nikaandika sufuri. Nilikuwa na sufuri nzuri sana, Paker, za duara.

Kilichonikera kwako kilikuwa kimoja tu. Ulikuwa unaruka mistari. Rejista ile ilikuwa na mstari kwa kila mtu, nawe ungeandika baba, mama, watoto wawili, kisha ukaacha mstari mtupu, ukaendelea na mtoto wa tatu. Ukurasa mwingine ulikuwa na mitupu miwili, mwingine mitatu. Boma moja la karibu na bwawa lilikuwa na mitupu mingi kuliko majina. Mimi ni mtu wa kupanga vitu, unanijua, hata vijiko vyangu vinalala upande mmoja. Siku moja chini ya kile kivuli chembamba cha mgunga, nikashindwa kunyamaza.

"Paker, mbona unaruka? Karatasi ni ya serikali."

"Hapo pako na mtu."

"Ako wapi?"

"Hayuko."

"Kama hayuko haandikwi. Tunahesabu wale wako."

"Ndio sijamwandika," ukasema. "Nimemwachia tu nafasi."

Nilidhani unasema juu ya wanaume walioenda kutafuta kazi Namanga, au wasichana walioolewa Ewuaso. Nilidhani labda ni desturi ya kumwekea nafasi mtoto ambaye bado hajaja. Nilidhani mambo mengi na sikuuliza hata moja, kwa sababu jua lilikuwa kali na nilitaka kurudi mjini.

Kisha zikaja simu. Kila mhudumu akapewa ya kwake, na vitabu vya zamani vikatakiwa vinakiliwe upya, kwa usafi, ili viingizwe kwenye mfumo. Wewe ulikuja ofisini na kitabu chako kimefungwa kwenye kitambaa chekundu. Nikakaa nacho siku mbili. Nilichukua rula na kalamu nyekundu, na kila nilipokuta mstari mtupu, kwenye nakala mpya nilipandisha hapo jina la chini yake. Nikaiziba yote. Boma lililochukua kurasa mbili likaingia kwenye ukurasa mmoja na nafasi ikabaki. Nilifurahi, Paker. Nilikuita uje uone.

Ulisimama nyuma ya kiti changu muda mrefu. Nilisikia shanga zako zikigusana. Halafu ukasema polepole, "Sasa umewakalisha hawa wazima juu ya wale wengine."

Nikacheka. Nikakwambia ukichome kile cha zamani. Ukakikunja ndani ya kitambaa chake na ukaenda nacho.

Miezi kadhaa baadaye tuliitwa kwenye mkutano, tukaonyeshwa ramani ukutani. Penye vifo vingi palipakwa rangi nyekundu, penye vichache manjano, pasipo na vifo kijani. Mitaa yetu ya Kitengela ilikuwa na madoa mekundu na ya manjano kila mahali, kwa sababu mtaani kwetu mtoto akikohoa mara mbili mama yake anaandika kwenye kundi la mtaa, anapiga simu ofisini, anataka jina la msimamizi. Kwenu palikuwa kijani tupu, kijani kizito, utadhani mvua hainyeshi popote ila kwenu. Ukame ulikuwa umetimiza mwaka. Mkubwa alikigusa kijani kile kwa ncha ya kalamu akasema hao ndio wa kuigwa. Watu wakanipigia makofi, nami nikasimama nikainama kidogo. Hilo ndilo jambo ninaloliona nikifumba macho, mimi nikiinama.

Ndipo ikasemwa kwamba nesi hawatoshi, na kwamba haieleweki kwa nini nesi mzima akae kwenye zahanati ya ng'ambo ya korongo pasipokufa mtu, ilhali kliniki mpya ya mitaani imefunguliwa na foleni inafika barabarani. Sista Wairimu, nesi wa zahanati hiyo, akahamishwa. Kliniki mpya iko geti la pili kutoka kwetu. Nilimwona akishusha sanduku lake, nikamsaidia kubeba. Wiki ileile kijana wangu alipata homa, Sista akamtazama tukiwa wa kwanza kwenye foleni, na nilimshukuru Mungu kwa kutuletea huduma karibu. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, kwa sauti.

Wewe wakati huo mimba yako ilikuwa inaelekea ukingoni. Ulikuwa umejiandikisha mwenyewe kwenye simu yako, maana boma lako lilikuwa katika yale uliyopewa. Ulinionyesha ukicheka. "Tazama, inaniambia nijitembelee." Ulisimama mlangoni kwako, ukabisha hodi, ukajiitikia "karibu", ukaingia, ukajiuliza kama miguu imevimba. Yeyo alicheka mpaka akaketi chini.

Ulinipigia siku ya Jumatano, saa sita mchana. Sauti yako ilikuwa ya kawaida, pengine chini kidogo.

"Paker, mtoto amekuja."

Nilipiga kelele za furaha. Nikauliza ni nani, ukasema msichana, ana nguvu. Kisha ukasema, "Lakini damu inakuja. Inakuja tu."

"Nenda zahanati," nikasema. "Sasa hivi. Mwambie Yeyo akupeleke zahanati."

Nilisikia upepo kwenye simu, na bati likigonga mahali.

"Niko hapo," ukasema. "Niko hapa nje."

Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimesalimiana na Sista Wairimu getini. Nilimuuliza usiku ulikuwaje, tukaongea habari za bei ya nyanya. Na bado mdomo wangu ulikwambia uende kwenye mlango ambao mimi, nikiwa nimeketi kwenye kiti changu, nilikuwa nimeufunga. Nilikimbia nikatafuta gari, nikamtafuta Sista, tukaja naye. Barabara ile unaijua. Tulipofika kwenye zahanati kufuli lilikuwa limening'inia vilevile, na tangazo la saa za kazi lilikuwa bado mlangoni kwa mwandiko wa Sista mwenyewe, naye akasimama akilisoma kana kwamba limeandikwa na mtu mwingine. Yeyo alikuwa ameketi sakafuni pale varandani, mtoto kifuani ndani ya shuka, kichwa chako mapajani pake. Hakulia. Alininyooshea tu mkono, nikauinamishia kichwa kama mnavyosalimia wakubwa, nikahisi kiganja chake kikavu juu ya nywele zangu.

Mume wako alikuwa na ng'ombe mbali, karibu na mpaka, akitafuta nyasi. Alirudi akakuta umeshazikwa. Baada ya mazishi Yeyo akaniletea vitu viwili katika kitambaa chekundu: simu ya serikali, na kile kitabu nilichokwambia ukichome. "Hii ni ya kazi," akasema. "Chukua. Na jina yake usiite tena." Nikasema sawa, Yeyo.

Asubuhi ya pili, simu ilitetemeka. Wiki ya arobaini, hajatembelewa.

Sikuwa nimefikiria jambo hilo. Ili mimba yako ifungwe kwenye simu, lazima fomu ijazwe: mtoto amezaliwa hai au la, mama yuko hai au la. Ukibonyeza kwamba hayuko, inafungua ukurasa mwingine na kusema, andika jina kamili la marehemu ili kuthibitisha. Nilifika hapo mara ya kwanza. Nikajaribu kuandika Paker. Ikajibu kwamba jina hilo halilingani na la mwenye rekodi. Nikaifunga.

Nilijiambia ni kwa sababu ya ahadi. Ni kweli, lakini si kweli yote. Chini ya jina palikuwa na maswali mengine, moja likiuliza kituo cha afya cha karibu kilikuwa wazi au kimefungwa, na kama kimefungwa, kwa nini. Jibu nililijua vizuri kuliko mtu yeyote. Na kitu cha tatu, ambacho nakwambia wewe tu ingawa watu wanasoma: nilipenda kuliona jina lako asubuhi. Nilikuwa naamka mapema kulisubiri. Ikafika wiki ya arobaini na tano, ya hamsini, ya sitini. Tumbo lako lilikuwa linakua mahali fulani ndani ya kile chombo, na kila siku kilinituma kwako, na kila siku nilikaa. Trizah wangu aliliona siku moja akauliza, "Mama, huyu mtu atazaa lini?" Nikamwambia afunge mdomo aende shule. Sijawahi kumjibu mtoto hivyo.

Huku nyuma mtoto wako alizidi kukua. Yeyo amemwita Naserian. Amekunywa maziwa ya mbuzi, amenenepa mashavu, anaketi bila kushikwa. Mwezi uliopita gari la chanjo lilipita ng'ambo ya korongo kwa mara ya kwanza tangu zahanati ifungwe. Yeyo akamvisha ushanga, akatembea naye tangu alfajiri, akapanga foleni. Kijana wa orodha akatafuta kwenye kompyuta yake ndogo, akatafuta tena. Akasema mama huyu bado hajajifungua. Yeyo akamwinua Naserian juu akamwonyesha, miguu ikining'inia. Kijana akasema anaona, lakini chupa zimehesabiwa kulingana na orodha, na kwenye orodha huyu hajazaliwa. Wakarudi nyumbani.

Na sasa kuna surua. Imeanzia boma la karibu na bwawa, lile lenye mistari mitupu mingi. Nilisikia Ijumaa. Kwa hiyo jana, simu ilipotembea kuelekea ukingo wa meza, niliivaa shingoni kwa kamba yake, nikachukua kitabu chako na rula yangu, nikaja.

"Takwenya," nikamsalimu Yeyo. Nilianza mimi kabla yake, kosa kabisa, mkubwa ndiye anayeanza. Alinitazama akajua kuna kitu. Naserian alikuwa ameketi juu ya ngozi, akinitumbulia macho yako. Nikafungua kitabu juu ya magoti yangu, ili nimwonyeshe tu, kwa sababu nilikuwa nimekariri maneno na yote yalikuwa yamenikimbia.

Yeyo hajui kusoma, unajua. Alikivuta kitabu kwake, akanyoosha kidole kimoja, akaanza kufungua kurasa. Majina aliyapita yote. Kila alipofika kwenye mstari mtupu kidole kilitua, kikakaa kidogo, kikaendelea. Hakukosea hata mmoja. Upepo ulikuwa umekoma na nzi walikuwa kimya, nami nilisikia ukavu wa kidole kile kwenye karatasi.

"Huyu alihara siku tatu," akasema. "Maji ya bwawa." Akafungua ukurasa. "Huyu kifua. Huyu alizaliwa, akakaa mpaka jioni. Huyu mama yake." Akafungua ukurasa. "Huyu pia kuhara. Hawa wawili ni siku moja."

"Yeyo, umejuaje wamekaa wapi?"

"Tulikuwa tunaenda pamoja. Yeye anashika kalamu, mimi namwambia, ruka hapo." Akanitazama. "Mtu haitwi, lakini hafukuzwi."

Ndipo nikamwambia. Nilitoa rula mkobani nikaiweka juu ya ngozi kati yetu, nikamweleza kila kitu: jinsi nilivyoziba nafasi, jinsi karatasi yangu safi ilivyokuwa ramani ya kijani, jinsi kijani kilivyomwondoa Sista, jinsi nilivyombebea sanduku. Nilimwambia kwamba kufuli lile nililiweka mimi. Nilikuwa nalia na Kiswahili changu kimevurugika, na sijui kama alielewa yote. Alielewa ya kutosha. Aliokota rula, akaipitisha mkononi, akaangalia zile namba, akairudisha chini taratibu.

"Wewe hukujua kusoma," akasema.

Hakusema kwa ukali, Paker. Alisema kama mtu anayemweleza mgeni kisima kiko upande gani.

Kisha nikamweleza habari ya simu, kwamba ndani yake wewe bado una mimba, na Naserian bado yuko tumboni, na kwamba hawezi kutoka humo mpaka niandike lile jina nililoahidi kuliacha. Kivuli cha ua kilikuwa kimefika miguuni petu. Akamwinua mtoto, akamfunga mgongoni.

"Mimi nitaenda na yeye kwa mbuzi," akasema. "Wewe fanya hiyo kitu. Ikiisha usiniambie."

Netiweki ya pale bomani kwenu bado inapatikana mahali pamoja tu, juu ya lile jiwe lako, ulilokuwa ukisimama umeinua mkono ili ripoti iende. Liko karibu na mahali tulipokulaza. Nilipanda. Nilijaza majibu yote. Kituo: kimefungwa. Kwa nini: nikaandika kwa nini, na jina langu na cheo changu. Mwishoni nikaandika jina lako, herufi moja moja, midomo imefungwa nisije nikalitamka. Ikauliza, una uhakika? Nilitazama nyuma. Sijui kwa nini nilitazama nyuma. Nikabonyeza.

Kiduara kikazunguka. Niliinua mkono juu kama wewe, nikasimama hivyo katikati ya jua, mpaka bega likaanza kutetemeka. Kisha simu ikalia mlio ule wa furaha unaotoka ripoti inapofika. Na kwa sababu simu ile imesajiliwa kwako, na mfumo haujui nani amesimama juu ya jiwe, iliandika hivi: Asante kwa kazi nzuri. Ikafuata jina lako. Na chini: kaya zako zote zimetembelewa.

Nilisimama nalo, nikalisoma, likazimika lenyewe.

Naserian amezaliwa, Paker. Nilimwandika hapo hapo kabla sijashuka. Nimempigia Sista Wairimu, atakuja kesho na chupa za chanjo kwenye kasha la barafu, kwa ruhusa au bila ruhusa. Wale wengine, ambao simu haikuwahi kuwajua, nimewaandika kwenye karatasi kama Yeyo alivyonitajia, bila majina: msichana, kuhara, maji ya bwawa. Mama, kujifungua, hakuna gari. Zimekuwa kurasa sita. Jumatatu nimeitwa ofisini nieleze imekuwaje mahali pa kijani pakawa na watu wote hao. Nitaenda na kitabu chako. Huenda wakanifukuza, na nitasema wana haki, lakini hawatapaka kijani pale tena nikiwa hai.

Leo asubuhi niliamka mapema kama kawaida nikaketi jikoni. Simu yako ilikuwa mezani, skrini juu. Saa moja ikapita, saa moja na nusu ikapita. Chai ikapoa. Haikutetemeka, na nilitamani sana itetemeke.

Basi nikachukua rejista mpya, ya karatasi, maana nimeamua nitaandika zote mbili. Nikafungua ukurasa wa boma lenu. Nimemwandika mume wako, nimemwandika Yeyo. Halafu nimemwandika Naserian, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Rula nimeiacha kwenye droo. Kati ya Yeyo na Naserian nimeruka mstari.

Kaa vyema hapo.

Ni mimi,
Paker wako